Faili la Meneja Mkuu

Meneja alipoona faili lake limezuiwa, alijiona ametemewa mate usoni. Asubuhi hiyo angesimama mbele ya wakurugenzi kuomba unaibu mkurugenzi, na michoro yote ya kujipamba nayo ndani ya faili hilo aliipakua bure kwenye tovuti ya ovyo. Mtambo unaokagua kila kinachopandishwa kwenye hifadhi ya pamoja ya ofisi ulisema faili lina virusi.

Akalibadilisha jina, akaliita “La Meneja”. Likazuiwa. Akaliita “La Meneja Mkuu, Muhimu Sana”. Likazuiwa vilevile. Akamwita fundi wa kompyuta.

“Dada, mtambo wako hauna adabu. Haunijui mimi ni nani?”

“Hauangalii jina, bosi. Unaangalia kilichomo ndani.”

“Kukaguliwa ni kwa makarani. Nifungulie njia!”

“Sifungui. Yakiharibika mafaili ya ofisi nzima, utayarudisha wewe?”

“Nikiwa naibu, utanitambua.”

“Uwe kwanza,” alisema fundi, akageukia kazi yake.

Meneja akalitia faili kwenye flashi, akaingia ukumbini kifua mbele, akaichomeka kwenye kompyuta ya mkutano, iliyounganishwa na hifadhi ya ofisi, na kulifungua. Picha ya kwanza haikutokea. Kwenye skrini ya ukutani, mafaili ya ofisi yakaanza kujifunga moja baada ya jingine.

“Nani kaleta uchafu huu?” akauliza mkurugenzi.

Meneja, aliyezoea kujitaja kila mahali, leo alikazia macho viatu vyake. Mkurugenzi akainamia skrini, akasoma kwa sauti: “La Meneja Mkuu, Muhimu Sana.”