Redio ya Dukani kwa Donald

Kila siku kabla ya taarifa ya habari ya saa saba mchana, Donald aliipangusa redio yake ya sanduku la mbao kwa kitambaa kilekile alichopangusia meza, kisha akaigeuza kidogo iwatazame wateja. Duka lake lilikuwa Chawia, kijiji cha milimani, mkabala na kanisa. Lilikuwa na mabenchi mawili, jiko la chai, rafu ya viberiti, chumvi na sabuni za mche, na picha ya Rais ukutani kama ilivyotakiwa miaka hiyo. Wanaume waliingia na udongo wa shamba miguuni, wakasikiliza habari za Nairobi na za ng'ambo, halafu wakazitolea maoni. Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya kwa bidii kuliko zote, na wake zao walikuwa wakiwaambia hivyo waziwazi.

Siku moja mazungumzo yaliangukia mitambo. Mulei, Mkamba aliyezunguka milimani akinunua mbuzi, alisema Wajapani wakiachiwa, iko siku redio itadai ugali. Mwalimu Elijah, aliyestaafu na hakuwa amezoea kustaafu, alisema amesoma juu ya mashine ziitwazo kompyuta zinazokumbuka kila neno unaloziambia, na kwamba hilo ni jambo jema kwa sababu binadamu ni msahaulifu. Stephen Mbula alinywa chai yake mpaka mwisho ndipo akasema, "Basi moja iletwe hapa, itukumbushe ni akina nani waliochimba ule mtaro."

Kesho yake, baada ya habari za michezo, mtangazaji hakuaga. Aliendelea kwa sauti yake ileile nzito: huko Chawia, Bwana Mulei, mnunuzi wa mbuzi, amesema iko siku redio itadai chai; Mwalimu Elijah amezisifu kompyuta; na Bwana Stephen Mbula angependa ikumbukwe ni akina nani waliochimba mtaro wa maji. Hapo ndipo alipoaga, muziki ukapigwa.

Mulei alilalamika kwamba yeye alisema ugali, si chai. Mzee mmoja aliuliza kwa nini maoni yake juu ya mbolea hayakusomwa, na alikuwa ameyatoa kwa sauti kubwa. Donald akamwaga majani ya chai, akaosha vikombe.

Redio nyingine za Chawia hazikuwa zimesema lolote kuhusu Mulei. Kwa hiyo Donald aliifunga yake kwenye gunia akashuka nayo mjini Voi kwa Fundi Badawy, ambaye alikuwa amefungua redio za nusu ya wilaya. Badawy aliifungua mbele yake, akatoa mende mmoja aliyekauka, akapuliza vumbi.

"Chombo kizima, bwana. Kinasema kilichosikia."

"Ndiyo shida yenyewe, fundi."

"Shida si ya chombo. Mie naunga waya, siungi midomo ya watu. Ukitaka nikuvunjie nitakuvunjia, lakini ukiulizwa imevunjwa na nani usinitaje."

Donald aliirudisha Chawia ikiwa safi, na sauti yake sasa ilisikika vizuri zaidi.

Mwanzoni watu walifurahi, tusidanganyane. Kusikia jina lako kati ya habari za Zaire na matokeo ya kandanda si jambo dogo. Wengine walipanda kutoka mabondeni wakiwa wamevaa koti la kanisani, wakakaa, wakatoa maoni, na kesho yake wakarudi na jamaa zao kuyasikiliza. Ndipo Naibu Chifu Mnjala naye akaanza kuja. Aliletewa kiti chake peke yake, akasikiliza huku mikono ameilaza juu ya fimbo.

Ulikuwa wakati ule serikali ilipotangaza kwamba watu watapiga kura kwa kujipanga foleni nyuma ya mgombea, mchana kweupe. Mulei akasema kupiga kura namna hiyo ni kama kuogea barabarani. Kila mtu alicheka. Redio ilisoma maneno hayo kesho yake, bila kicheko chao, na Mulei akaitwa Wundanyi, kwenye ofisi za wilaya. Aliporudi baada ya majuma kadhaa alinunua mbuzi kwa kunyoosha kidole. Chai pia aliiagiza kwa kidole.

Tangu hapo maoni ya Chawia yakawa mazuri mno. Mvua ikinyesha ilikuwa mvua nzuri. Isiponyesha, jua lilikuwa zuri. Redio ilisoma yote hayo kwa uaminifu. Baadaye ikaanza kusoma yaliyosemwa njiani, kisha ya jikoni. Mke wa Mwalimu Elijah alisomwa akimwambia kuku wake kwamba nchi hii imetuchosha sote wawili, na ilibidi aeleze kwa maandishi kwamba alimaanisha nchi ya kuku. Donald alijaribu kutoa betri. Redio ilisoma bila betri. Alipoulizwa kwa nini asiifungie stoo, alijibu kwamba wangemuuliza anaficha nini, na hakuna aliyeona kosa katika jibu hilo. Woga ukishaingia nyumbani hupewa kiti kama mgeni yeyote.

Mbula alikuwa ameacha kabisa kutaja mtaro. Mtaro wenyewe, wa kulazia bomba la maji, ulianzia msituni kwenye chemchemi na kushuka mpaka kanisani. Kila nyumba ilitoa mtu wa kuchimba, na kwake alitoka yeye pamoja na mkewe Wakesho, aliyebeba mawe kichwani na mtoto mgongoni. Siku ya kufungua mfereji wa kuchotea maji pale kanisani alikuja mheshimiwa mbunge, akakata utepe, maji yakatoka, akapigiwa makofi. Maji yaliendelea kutoka mpaka magari ya wageni yalipopinda kona. Usiku huo bomba liligeuzwa huko juu likapelekwa bondeni kwa ng'ombe wa mheshimiwa, na tangu hapo mfereji wa kanisani ulitoa upepo. Wanawake waliendelea kupanga ndoo zao pale asubuhi, kisha wakazichukua tupu na kushuka mtoni.

Mbula aliimeza hasira hiyo kila siku pamoja na chai, akidhani imefika tumboni na mambo yamekwisha. Kumbe haikuishia hapo. Binti yake Lois, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, akashikwa na kikohozi. Kwanza alikohoa vumbi jekundu. Halafu changarawe. Muuguzi wa zahanati alizitazama changarawe kwenye kibakuli, akampa dawa ya maji ya kikohozi na kumwambia Wakesho amrudishe mtoto iwapo mawe yatazidi ukubwa. Lois alikonda mpaka sketi ya shule ikawa haishiki kiunoni. Usiku Wakesho alimlaza kifudifudi mapajani mwake ili vijiwe vianguke vyenyewe, visimkabe.

Mamake Mbula, Nyanya Mable, alikiomba kile kibakuli. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mwenye viti viwili vya mbele kwa jina lake na la marehemu mumewe, lakini kuna mambo ambayo hakumsumbulia pasta. Alisugua changarawe moja kwa kidole gumba mpaka ikang'aa.

"Huu ni mchanga wa mtaro," alisema. "Stephen, mwanangu, unamuua mtoto."

Mbula hakubisha. Watu wa milima ile wanajua kwamba hasira ya mzazi iliyofungiwa kifuani haikai kifuani. Hutoka ikamshika aliye mdogo. Dawa yake ni moja, nao huiita kutasa. Unachukua funda la maji ya miwa, unaitaja hasira yako yote na uliowakasirikia, unawatakia heri, kisha unalitema funda pamoja na hasira yenyewe. Likishatemwa limekufa. Maneno ya kutasa hayabebwi kupelekwa kwa wazee wala kwa chifu, na anayeyabeba ndiye mkosaji.

Mara ya kwanza Mbula alifanya kwa hila. Alisimama uani alfajiri na kibuyu mkononi, akasema amekasirikia baadhi ya watu kwa ajili ya mambo fulani, anawasamehe, akatema. Saa saba redio ilitangaza kwamba Bwana Stephen Mbula amewasamehe baadhi ya watu. Naibu Chifu Mnjala alicheka akamnunulia chai. Usiku huo Lois alikohoa jiwe la ukubwa wa punje ya hindi, na damu kidogo.

"Umetema maji," Nyanya Mable alimwambia. "Hasira umeimeza tena. Itaje."

Walikaa jikoni, Mbula na Wakesho, mtoto akiwa amelala kati yao. Waliandikiana kwa makaa juu ya bati, maana jikoni nako kulikuwa kunasomwa, lakini Wakesho hakuwa na subira ya kuandika.

"Watakuchukua, Baba Lois."

"Maneno ya kutasa hayabebwi. Mnjala mwenyewe amekulia hapa. Mamake alimtasia mbele yangu tukiwa wadogo."

"Na redio nayo imekulia wapi?"

Mbula alilifuta bati kwa kiganja. Alimtazama mtoto akivuta pumzi, ikapita kwa taabu kati ya mawe. Alimpenda mtoto yule kuliko alivyozipenda siku zake mwenyewe, na ukweli ni kwamba hapakuwa na la kuamua.

Alfajiri alisimama uani. Akaanza na mheshimiwa, kwa jina lake lote, na ng'ombe wake wanaokunywa maji ya watoto wa watu. Akamtaja Mnjala aliyewaonyesha mafundi mahali pa kukata bomba. Akawataja wazee wa kanisa walioubariki mfereji na hawakuuliza tena habari zake, na Donald aliyeona na akaendelea kuosha vikombe. Alisema kwamba mtu aliyechimba ana haki ya kunywa, na kwamba mtu anayechagua ana haki ya kuchagua bila kutazamwa usoni, na kwamba amechoka kuogopa sanduku la mbao. Mwisho alijitaja mwenyewe. Kisha akawatakia wote heri, mmoja mmoja, na mifugo yao na watoto wao, kama inavyotakiwa, na alimaanisha. Akatema. Maji ya miwa yalitua kwenye majani, na ndani ya nyumba Lois akaomba uji.

Alikunywa bakuli mbili. Hakukohoa.

Saa sita na nusu Mbula alivaa shati safi akaenda dukani. Angeweza kukimbilia Taveta akavuka mpaka, lakini hakutaka isemwe kwamba maneno yale hayana mwenyewe. Mabenchi yalijaa. Mnjala alikuwa kwenye kiti chake. Baada ya habari za michezo mtangazaji aliyasoma yote, toka mheshimiwa mpaka heri ya mwisho, bila kuruka jina, na yalisomwa vizuri sana. Hata sauti ya kutema ilisikika. Mwalimu Elijah aliinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani. Donald aliendelea kuosha kikombe kilekile.

"Ni maneno yako, Mbula?" Mnjala aliuliza.

"Ni yangu. Ni ya kutasa, Chifu. Wajua hayabebwi."

"Najua." Mnjala alisema hivyo kwa upole, na pengine alikuwa na huzuni ya kweli. "Mimi sijayabeba. Hapa hakuna mtu aliyeyabeba. Yamesemwa na redio."

Wanaume waliitafakari hoja hiyo. Mwalimu Elijah alifungua mdomo, akautazama uso wa redio, akafumba mdomo. Hapakuwa na kanuni ya wazee inayohusu chombo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitunga. Mbula aliachwa amalize chai. Kisha Land Rover iliyokuwa imeegeshwa nyuma ya kanisa tangu saa nne ilizunguka mbele, akapanda mwenyewe bila kushikwa, ikashuka naye kuelekea Voi. Mulei, aliyekuwa mlangoni na kamba ya mbuzi, alilinyooshea gari kidole mpaka likapotea.

Wakesho alikwenda Wundanyi kumtafuta, akaambiwa yuko Voi. Alikwenda kituo cha polisi cha Voi, akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo, kisha akaulizwa jina lake yeye. Badawy, ambaye duka lake lilitazamana na barabara ya kituoni, alimpa maji ya kunywa na soda ya mtoto. Alimwambia gari lile lilipita, ndiyo, na ndani yake mtu mmoja mwenye shati safi. Kisha akarudi kwenye waya zake.

Foleni za kura zilipangwa zikahesabiwa. Foleni ya mheshimiwa ilikuwa fupi, na mheshimiwa akashinda. Siku ile dukani walisema ilikuwa foleni nzuri. Mfereji wa kanisani uliendelea kutoa upepo.

Lois alinenepa. Alirudi shule, akajifunza kuruka kamba, na majirani walisema angalau hilo limekuwa. Wakesho alilima, akachota mtoni, akaitika salamu za Mnjala kanisani. Usiku alilala upande wake wa kitanda, na upande wa pili akaweka shati la Mbula la shamba bila kulifua. Kifua chake kilikuwa kizito, lakini hakumwambia mtu, wala kuku.

Jioni moja alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Lois alikuja kutoka uani, akasimama mbele yake, akakohoa mara moja tu, kikohozi kidogo cha adabu. Alitema kitu mkononi, akakifuta kwenye sketi, akampa mamake. Lilikuwa jiwe jeupe, laini, si la mtaro. Lilifanana na kokoto zilizomwagwa uani mwa kituo cha Voi.

Nyanya Mable, akiwa kwenye kigoda chake, alilisugua kwa kidole gumba akalirudisha. Wakesho alilitia jiwe mfukoni, akamaliza kuchambua maharagwe, akayabandika motoni. Alichagua gauni la kuvaa kesho yake, lile safi, akalitundika. Kisha akachukua panga akashuka mtoni kukata miwa, na njiani alimpita Donald, ambaye alikuwa amerudi kutoka Voi akiwa amebeba betri mpya za redio.