Maumivu Yaliyokataa Kidole

Vumbi la kiangazi liliingia wodini bila hodi. Liliingia pamoja na mwanga wa asubuhi, jekundu, legevu, likatua juu ya shuka, juu ya kikombe cha uji, juu ya kope za mtoto aliyeshindwa kulala na kushindwa kuamka. Nje, malori ya pamba yalinguruma kuingia Bariadi. Ndani, Kija alikuwa akilia bila sauti, kilio cha mtoto anayeogopa hata kuvuta pumzi.

Utumbo wake ulijinyonga. Ndivyo daktari alivyosema. Wakampasua, wakakata kipande kilichokufa, wakaunga, wakamshona. Milembe, mama yake, aliyemleta kutoka kijijini Migato akiwa amempakata juu ya pikipiki, sasa alikaa kando ya kitanda, mikono mapajani. Mikono ya kuchuma pamba, mikono ya jembe, mikono isiyojua iende wapi. Amshike wapi mtoto ambaye kila alipoguswa palimuuma?

Dawa ilikuja kwa saa yake. Ikimshika, Kija alilegea. Ikimwachia, kabla nyingine haijafika, palikuwa na mbuga ndefu, kavu, isiyo na kivuli, na mtoto aliivuka peke yake.

Muuguzi Hilaria, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka Songea, aliiona mbuga ile. Akavuta kigoda.

"Mama Kija, nipe kidole gumba chako."

Akakiweka upande wa ndani wa mkono wa mtoto, juu kidogo ya kifundo, katikati ya kano mbili. "Hapa. Bonyeza taratibu, achia. Dawa zake atapata kama kawaida. Hii ni ya kumsindikiza wakati anazisubiri."

Ndaki, baba mtoto, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. "Nesi, niambie ukweli. Dawa zimeisha?"

"Hazijaisha, baba."

"Basi mbona mnamchezea mwanangu?"

Hilaria hakukasirika. Alisema wapo watoto aliowaona wakipata nafuu kwa njia hii, na wapo ambao hawakupata. Ndaki akageuzia uso wake ukutani.

Bonyeza, achia. Milembe alibonyeza kwa woga, kama anayegusa kifaranga kilichototolewa sasa hivi. Bonyeza, achia. Chini ya kidole chake damu ya mwanawe ilidundadunda, nyepesi, yenye haraka. Bonyeza, achia. Paji la uso lililokunjamana likakunjuka. Si sana. Kidogo tu, lakini kwa Milembe kidogo kile kilikuwa mvua.

"Mayu," Kija alimwita mama yake kwa kunong'ona, "usiache."

Hakuacha. Ndaki akageuka kutoka ukutani, akatazama.

Kesho yake alasiri maumivu yalirudi, na yalirudi na sura nyingine. Ngozi ya Kija ilichemka. Tumbo lilikakamaa kama ngoma iliyowambwa. Milembe aliposhika mkono wake, mtoto aliuchomoa.

"Bonyeza tena," Ndaki alisema, sauti ikimpanda. "Jana si alitulia? Bonyeza!"

Milembe alikitazama kidole chake. Jinsi alivyotamani kukiamini! Jinsi ilivyokuwa rahisi kubonyeza, kubonyeza, na kusubiri!

"Hapana, baba Kija. Haya siyo ya jana."

Akaachia. Kuachia kulimuuma kuliko yote aliyowahi kuyashika. Akatoka mbio koridoni, kanga ikimdondoka, akiita, "Nesi! Nesi Hilaria!"

Hilaria aliweka kiganja juu ya tumbo lile, na uso wake ukabadilika. Daktari akaitwa. Kitanda kikasukumwa, magurudumu yakalia, mlango wa chumba cha upasuaji ukamfunika Kija kwa mara ya pili.

Kwenye benchi, Ndaki aliinamisha kichwa. "Na mimi ndiye niliyekwambia ubonyeze."

Milembe aliukazia macho mlango wa chumba cha upasuaji. Maneno yake yote yalikuwa nyuma ya mlango ule.

Hatimaye daktari akatoka, barakoa ikining'inia shingoni. Pale walipounga utumbo palikuwa pameachia. Wamesafisha, wameunga upya. "Tumewahi," alisema, "lakini siwezi kuwaambia kwamba amepona."

Kija alirudishwa na mrija puani, mdogo kuliko alivyoondoka. Usingizi wa dawa ulipoanza kuisha, midomo yake ikatetemeka. Hilaria akamdunga dawa, akampapasa tumbo, akawaitikia wazazi kwa kichwa: sasa mnaweza kumshika.

Milembe akanyoosha mkono. Akakumbuka jinsi mtoto alivyouchomoa wake, akaurudisha kifuani.

Ndaki akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. "Nionyeshe ni wapi."

Milembe akamwonyesha. Kidole cha baba kilikuwa kizito, kigumu, kidole cha kushikilia kamba ya fahali. Akabonyeza.

"Polepole, baba," Kija alisema, macho ameyafumba.

Ndaki akaachia. Akapumua. Akaanza upya, polepole.