Nusu Mlingoti kwa Mjomba Nayef

Halmashauri ya kijiji chetu iliamua kumuua mjomba wangu Nayef siku ya Jumapili, saa nne asubuhi, kwa heshima zote.

Vita vilikuwa vimekwisha zamani. Mjomba alichukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani, yeye na wanaume wengine watatu wa hapa mlimani, wakitoka Beirut kuuza matufaha. Haikurudi maiti, haikurudi habari. Tangu hapo bibi yangu, ambaye kila mtu anamwita Mama Nayef, hafungi mlango kwa ufunguo, na namba ya simu hairuhusiwi kubadilishwa. Mimi nimelelewa kwake. Nimekulia kwenye kitanda cha mtu ambaye sijawahi kumwona, na kila nilipopanda kulala, bibi alinisukuma upande wa ukutani.

"Jisogeze, Najla. Akija atalala wapi?"

Nikajikunja, mgongo ukiisikia baridi ya ile nafasi tupu. Mpaka leo siwezi kulala katikati ya kitanda.

Kila mara kuna anayesema amemwona. Yuko kwenye foleni ya mkate mjini Zahle. Yuko dirishani mwa basi la Shamu, amenyoa masharubu. Ukimkimbilia, anakuwa mtu mwingine.

Mwenyekiti wetu, Bwana Munir, alikuja mwenyewe kumweleza bibi: kutakuwa na jiwe lenye majina manne mbele ya ofisi, na bendera itashushwa nusu mlingoti. Bibi akampa kahawa. Mgeni akaonja, akakunja uso.

"Mama Nayef, hii ni asali."

"Kahawa chungu ni ya msibani. Kwani wewe umekuja msibani?"

"Ni heshima tu, mama yangu. Kwa mashujaa wetu."

"Nayef alikuwa akiuza matufaha, na mbwa wa jirani alikuwa akimkimbiza mpaka juu ya ukuta. Shujaa gani huyo? Kunywa kahawa yako."

Akanywa yote. Mimi ndiye karani wa halmashauri, na bendera ni kazi yangu. Hakuna aliyeniuliza kama nitaweza.

Mama Shakib peke yake ndiye aliyesema nami. Mumewe, Hamad, alikuwa kwenye gari lile lile. Alinishika mkono nje ya duka la mikate.

"Mwanangu, nimechoka kupika kwa ajili ya mlango. Sijawahi kuvaa nguo nyeusi, kwa kuogopa nisije nikamuua kwa nguo. Bendera ikishuka, nitalia. Nishushie vizuri."



Jumapili kijiji kizima kilisimama uwanjani. Mama Shakib alivaa gauni jeusi, jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Bibi naye akaja, hakuna aliyemtarajia, amevaa gauni la kijani kama mtu anayekwenda kupokea mgeni.

Bendera ya msiba haiishii njiani tangu mwanzo. Unaipandisha kwanza mpaka kileleni, iguse, ndipo uishushe nusu. Nikavuta kamba. Mwerezi wa kijani, ule mti wa katikati ya bendera yetu, ukapanda, na nyuso zote zikapanda nao, isipokuwa uso wa bibi. Yeye aliugeuzia mlingoti kisogo. Alikuwa akitazama barabara, kule inakopindia kwenye kona, na ametabasamu, kichwa amekiinamisha kidogo kama anayesikiliza nyayo anazozijua.

Nikatazama kona. Sikuona kitu. Lakini mbwa wa kule walikuwa wameanza kubweka.

Bendera ikagusa kilele. Nikafunga kamba, nikakaza fundo.

"Shusha," Bwana Munir akanong'ona.

"Nimemaliza."

"Najla, watu wanasubiri."

"Wasubiri. Sisi hatujui kazi nyingine."

Hakuna aliyethubutu kunipokonya kamba mbele ya Mama Nayef. Wakasimama, wakakohoa, kisha wakatawanyika mmoja mmoja. Mama Shakib ndiye aliyebaki mwisho, macho makavu, akitazama juu.

Mchana Bwana Munir akaniita ofisini. Mama Shakib alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani.

"Umemnyang'anya mjane msiba wake," Bwana Munir akasema. "Mwombe radhi. Usipomwomba, kesho usije kazini."

Nilimtazama yule mama. Ningeweza kuishusha kwa ajili ya watatu, kama kungekuwa na namna. Hakuna. Bendera ikishuka, inashuka kwa wote, na bibi yangu angerudi nyumbani akafunga mlango.

"Mama Shakib," nikasema, "mlilie mumeo. Leo hii, hata kama ni kwa miaka yote uliyojizuia. Nitakuja nikae nawe mkekani mpaka umalize. Lakini radhi siombi."

"Hata mimi hutaniomba, Najla?"

"Hata wewe."