Unono wa Marceline

Mwaka wa tisini na tano Likasi nzima ilikonda. Kiwanda kimelala, bukari, ugali wa huku, ni mara moja kwa siku, na mashati yanawaning'inia watu mabegani. Marceline peke yake, mjane wa nyumba ya tatu, alinenepa mpaka mashavu yakamjaa. Émérence, jirani yake, kila akimwona roho ilimuuma.

Maana mwanamke hanenepi kwa hewa. Yuko mwanaume anayemlisha, na Émérence alimjua: Lambert, mumewe mwenyewe, mwuguzi wa dispensari. Kila adhuhuri Lambert alichota jagi la munkoyo, kinywaji cha mahindi alichokichachusha Émérence kwa mikono yake, akaenda nalo kwa Marceline. Akiulizwa, jibu lake ni moja: siri ya mgonjwa haitolewi. Mgonjwa gani ananenepa wakati wa njaa? Majirani nao walishaanza kunong'ona, na lisemwalo lipo.

Siku moja Émérence alingoja Lambert atoke kule, akaingia bila hodi. Jua la Oktoba linachoma, na Marceline amejikunyata kando ya mbabula, jiko la makaa, sweta mwilini.

— Bwana yangu anakupatia nini?

— Munkoyo yako tu, mama. Sauti ya Marceline ilikwaruza. Akafungua kitambaa, na kichwani nywele zilikuwa zimebaki vishungi vishungi. — Angalia. Hii haiko mafuta, ni kuvimba. Mwili yangu inapigana na tezi ya mu shingo yangu, na dawa haipatikane tena. Tumbo nayo inafunga wiki nzima. Docta mumoja anazania vidudu vya tumbo viko na neno mu hii bugonjwa, lakini hajue bado. Njo maana Lambert analeta munkoyo: vidudu vyenye vinaichachusha pengine vitanisaidia.

— Na unaacha bantu baseme uko na bwana ya muntu?

— Baseme. Bakijua ni bugonjwa, batasema minye niko mulozi, njo nilikula bwana yangu.

Émérence alitazama chungu jikoni: majani ya matembele, basi. Aibu ikamshika, akatoka.

Kesho yake Lambert alinyoosha mkono kuchukua jagi. Émérence akalivuta.

— Minye njo nitapeleka. Kila siku.

Huruma alikuwa nayo, kweli kabisa. Lakini mume ni wake.