Jioni ya Buluu kwenye Mirihi

Dada mkubwa aliporudi kutoka kula, alikuta mtu kamharibia kazi. Kwenye dari la ukumbi wa sayansi, katikati ya machweo ya sayari ya Mirihi aliyoyapaka mekundu, palikuwa na duara la buluu, rangi bado mbichi.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Mimi," alijibu mdogo wake, akiwa juu ya jukwaa la mabomba walilosimamia kupaka dari. "Nilikwambia jana, dada, ukanikatiza. Kwetu duniani hewa inatawanya mwanga wa buluu, ndiyo maana mchana anga ni la buluu. Kule anga limejaa vumbi laini. Mchana linakuwa la kahawia. Jua likizama, vumbi linausambaza mwanga mwekundu mbali, buluu inabaki kulizunguka jua. Mtaalamu wa ukumbi ndiye aliyenieleza."

"Nimekufundisha kushika brashi, leo unanifundisha kazi?"

Mafundi umeme waliokuwa chini wakacheka. Kicheko hicho kilimpandisha dada jukwaani mbiombio. Akachukua kikwangulio, akaanza kuikwangua ile buluu. Mdogo akamdaka mkono. Dada akaurusha, kama alivyozoea kuurusha nyumbani, na chuma kikamchana mdogo shavu kutoka sikioni hadi kidevuni.

Mdogo akampiga kichwa cha pua. Wakavaana, wakang'atana, ndoo ya rangi ikapinduka, mafundi wakatawanyika wakipiga kelele. Dada akamkaba koo, akakaza. Macho yakimtoka, mdogo akakunja goti, akamsukuma kwa teke la tumbo.

Dada alianguka hadi sakafuni. Nyonga ilivunjika.

Hospitalini askari mwanamke alikuja kuchukua maelezo.

"Niliteleza," dada alisema upesi. "Rangi ilimwagika."

Mdogo, shavu limeshonwa, alitikisa kichwa. "Hakuteleza, afande. Alinikaba, nikampiga teke."

"Nyamaza, mjinga wee! Nakuokoa!"

"Nimenyamaza tangu mama afe, dada. Kila ukikasirika, mimi ndiye ngoma yako."

Dada akageuza uso ukutani, akalia. Askari akayaandika maelezo ya wote wawili.

Polisi waliwapa wote wawili onyo kali. Mdogo alimaliza dari peke yake, kisha akahama nyumba yao. Dada alipoanza kutembea kwa magongo, alimpigia simu.

"Utarudi lini?"

"Sirudi, dada. Lakini Jumapili nitakuja kukufulia."