Marufuku Kunong'ona

Muuguzi wa zahanati ile aliitwa Mama Pole, kwa sababu hakugusa kidonda cha mtu bila kumwambia pole kwanza. Siku bomu lilipolipuka katika kituo cha mabasi, alifunga majeruhi mpaka bandeji zikaisha, akaanza kuchana mashuka. Kwa hiyo serikali ilipopiga marufuku kunong'ona katika majengo yote ya umma, yeye hakununa. Walipuaji, ilisemekana, walionekana wakinong'onezana, na shahidi hakuambulia neno. Basi kila linalosemwa lisikike mpaka mlangoni, na kila mlango uwekewe askari. Mama Pole alisema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wa kwake alikuwa askari wa makamo, mpole, mwenye kitambi. Alisimama kwenye pazia, na nyuma yake, ukumbini, wagonjwa walijipanga kwenye benchi. Fundi bomba alikuja na jipu. Alipoulizwa liko wapi, akasema mguuni. Mguu upi? Juu kidogo. Askari akamwomba, kwa heshima zote, afafanue. Alipofafanua, benchi zima lilimpa pole, na bibi mmoja akamshauri alale kifudifudi.

Wengine wakajaribu ishara za mikono. Askari akauliza makao makuu kama ishara ni mnong'ono, akajibiwa kwamba ishara zinaruhusiwa iwapo mwenyewe atazieleza kwa sauti. Mwalimu mkuu mwenye bawasiri aligeuza njia akarudi nyumbani nayo.

Ndipo seremala akamleta mkewe, mkono umevimba. Akaeleza kabla hajaulizwa kwamba ameteleza bafuni, kisha akakaa mwisho wa benchi, karibu kabisa na pazia.

"Umeanguka?" Mama Pole alimwuliza mwanamke.

"Nimeanguka," akajibu kwa sauti ya kusikika, macho hayabanduki kwenye pazia.

Mama Pole akautazama ule mkono. Ulikuwa na alama za vidole, na sakafu ya bafu haina vidole. Akainama, akamnong'oneza.

Askari akageuka. "Mama, unanong'ona."

"Ndiyo, kaka yangu. Nanong'ona."

Askari akamtazama, akautazama na mkono. Akatoa mfukoni ile amri ya serikali, akaligeukia benchi, akaanza kuisoma kwa sauti ya gwaride, tangu kichwa cha habari. Alipofika mwisho akaanza upya. Seremala akainuka kulalamika kwamba hamsikii mkewe. Akaambiwa aketi, sheria inasomwa. Chini ya sauti ile mwanamke alisema yote yaliyokuwa moyoni. Mama Pole akamfunga mkono, akamtoa kwa mlango wa stoo ya dawa, na mwanamke akafika kwa dada yake salama salimini.

Seremala hakwenda kushtaki kwamba mke ametoroka. Alishtaki kwamba pale ndani kulinong'onwa. Ofisa akaja, akaliuliza benchi walisikia nini. Wakaapa hawakusikia chochote, naye akaandika kwamba huo ndio ushahidi wenyewe. Mama Pole alipotakiwa aseme yale maneno, alijibu kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, na kwamba siku ya bomu aliwafunga watu bila kuwauliza walichokuwa wakizungumza. Akapewa onyo. Askari akahamishiwa kulinda matangi ya maji, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kusikilizwa. Alipokuja kuaga, Mama Pole alimwambia pole. Akasema hapana haja, hewa ya huko ni safi.

Askari mpya alikuwa mkali kama pilipili, ila sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu utotoni. Mama Pole aliligundua hilo asubuhi ya kwanza. Akamwekea kiti cha kupumzika pembeni mwa pazia, akamkaribisha kwa adabu, kisha akakisogeza kiti cha mgonjwa upande wa kushoto wa askari.