Matete ya Mama

Mke wa dereva wa katapila alikuwa anamwosha mama mkwe nywele kitandani, beseni la bluu chini ya kichwa, alipokuta tete limechipua nyuma ya sikio. Akalivuta. Mama akasema linauma, basi akaliacha, akaendelea kusuuza povu.

Ilikuwa wiki ya pili tangu mumewe aanze kung'oa matete ya kinamasi nyuma ya nyumba. Mkandarasi aliyemwajiri alitaka maji ya mto yapite moja kwa moja, yasizubaezubae. Kufikia Jumapili matete ya mama yaligusa dari, na wadudu waliokosa kwao wakahamia humo, kerengende na mende wa maji, pamoja na watoto wao wasioota mabawa bado, waking'ang'ania mashina. Hawakumsumbua mtu. Mama alilalamikia shingo tu.

Mafuriko yalikuja Jumatatu saa tisa mchana. Mke wa dereva alisikia ukuta wa jirani ukianguka. Akamnyakua binti yake wa miaka minne, akamtupia kitandani kwa bibi yake, naye akapanda. Maji yaliingia kwa kishindo, yakabeba kabati, yakabeba jiko. Yalipofika kwenye matete yakapunguza mwendo, kama mgeni aliyekumbuka kuvua viatu, yakazunguka kitanda polepole. Hakuchukuliwa hata mdudu mmoja. Kwa jirani walichukuliwa watu wawili.

Kesho yake msimamizi wa mkandarasi akaja na futi, akampa jirani pole, kisha akaingia kupima kitanda. Akaandika kwamba kuna eneo limebaki. Lisipokwisha kufikia Ijumaa, dereva ajitafutie kazi kwingine.

"Huyu ni mama yangu," dereva alisema.

"Sijasema mama. Nimesema matete."

Mke alimvuta mumewe pembeni, akamwambia hajawahi kuogopa hivi tangu azaliwe. Mume akasema naye anaogopa, ila watakula nini. Mama aliwasikia hadi akawachoka.

"Kata, mwanangu. Mizizi tu niachie."

Alikata kwa panga, taratibu, msimamizi akiwa amesimama mlangoni. Mizizi haikuachwa. Kerengende walizunguka chumba mara mbili, wakatoka dirishani. Watoto wao walifagiliwa. Mama akageukia ukutani, akaomba kitambaa cha kichwa.

Alasiri mawingu yakajikusanya upande mto unakotoka. Mke wa dereva alimpakata binti yake, akamfumua nywele, akazichambua moja moja hadi nyuma ya masikio. Hakukuta kitu. Zilikuwa nywele tu.